Mwenzangu Mmoja

Ofisi ya Kamusi, chumba cha nyuma
2 Februari

Kitindamimba wangu,

Barua yako ya kuhamia chumba kipya cha bweni nimeipata. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti mbele ya picha ya mama yako, maana najua angenidai. Kitanda kimoja, kiti kimoja na dirisha linalotazama ukuta. Si haba, angalau hutakorofishwa na mtu anayekoroma.

Sasa nina ombi. Kamusi imefika herufi K, na Mkurugenzi, bila hata kunionea huruma kwa mvi zangu, ameniangushia neno "keep". Usicheke. Wewe unalijua tangu shule ya msingi kuwa ni "kuweka", basi litumie hivyo kila mahali uone watu watakavyokushangaa. Anayefuga kuku hutumia neno hilo. Anayetimiza ahadi, hilo hilo. Anayemchelewesha mwenzake, anayeficha siri, anayeshika kushoto barabarani, wote wamelipanda mgongoni neno moja tu. Mpaka jana nimefikisha maana thelathini na nne, na kila moja inataka Kiswahili chake na mfano wake kutoka kinywani mwa mtu aliye hai. Mifano ya vitabuni siitaki. Vitabu vinasema vizuri mno.

Wewe uko huko wanakolisema kutwa. Kila ukilisikia, niandikie. Kiingereza chake kiweke kwenye karatasi ya pembeni, na ndani ya barua unisimulie kwa Kiswahili lilivyosemwa. Sheria unaijua, umekua ukiisikia mezani: nani kasema, wapi, tarehe ngapi. Kikadi kisicho na msemaji hutupwa, hata kiwe kitamu namna gani.

Barua zako nitazikata kwa mkasi na kubandika vipande kwenye vikadi, kwa hiyo andika upande mmoja tu wa karatasi. Mama yako angesema nimekosa adabu. Yeye alizitunza barua zangu zote ndani ya mfuko wa foronya.

Baba yako

———

24 Februari

Shikamoo Baba,

Nimekuwa jasusi. Natembea na penseli ndani ya mfuko wa aproni, wazee ninaowahudumia wanadhani naandika vipimo vyao vya damu.

Mpishi, jikoni, tarehe 12: alinusa jagi akasema maziwa haya hayatafika kesho. Mzee wa chumba namba tisa, tarehe 15, nikimvisha soksi: amefuga njiwa miaka arobaini, na mkewe hakupata kupendwa hata nusu yao. Msimamizi wetu, tarehe 16, mlangoni: samahani kwa kuwachelewesha. Hakuwa na samahani yoyote, Baba, alikuwa anakunywa kahawa na tulikuwa tunamwona kwenye kioo. Bibi wa namba nne, tarehe 19: aliniambia nitimize ahadi yangu ya kumsuka. Nimemsuka. Nywele zake ni chache kama za mtoto mchanga.

Kuna na dereva wa gari la dobi, anayeleta mashuka Jumanne na Ijumaa. Anasema "keep" mara nyingi kuliko wote, ila sentensi zake sikuandikii, ni za utani tu.

Unakula? Au bado ni mkate na chai asubuhi, mchana na jioni?

Mwanao

———

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Njiwa wamewafurahisha watu hapa ofisini hadi Mkurugenzi ameonyesha meno. Mke wa mzee huyo nimemwacha ndani ya mfano, ingawa kwa sheria zetu alistahili kukatwa. Soksi nimezikata.

Nimekuwekea alama kwenye maana zinazonisumbua bado: kubakiza mtu kazini, kumnyima mtu usingizi, chakula kukaa tumboni, kubaki na kitu moja kwa moja. Tega masikio.

Ninakula. Mchapaji wetu, yule mama mwenye miwani ya kamba, ananiletea viazi kila Alhamisi na kunisimamia mpaka nimalize.

Baba yako

N.B. Dereva wa dobi naye ni msemaji. Utani pia ni lugha. Mlete.

———

11 Aprili

Shikamoo Baba,

Dereva wa dobi amehamishiwa mji mwingine. Hakuaga. Sasa mashuka yanaletwa na mzee mmoja bubu, kwa hiyo huko hutapata kitu.

Lakini ile maana yako ya tumboni nimeipata. Mwenzangu mmoja, bafuni, tarehe 2, asubuhi: tangu Jumatatu chakula hakikai tumboni. Huyo huyo, tarehe 5: chai tu ndiyo inakaa, tena ya rangi. Huyo huyo, tarehe 9, akikunja mashuka: siri hii nitaificha mpaka lini?

Baba, wewe huwa unawaza nini ukisoma sentensi hizi? Nauliza tu. Zikifika mezani kwako unaziona kama zilivyo, au unamwona pia aliyezisema?

Mwanao

———

3 Mei

Mwanangu,

Swali zuri, na jibu lake ndilo siri ya kazi hii. Ukianza kumwona aliyesema, umekwisha. Utaanza kumhurumia na utaacha kuisikia sentensi. Miaka thelathini na moja nimejifundisha kumfunika msemaji kwa kiganja.

Huyo mwenzako ni mgodi! Sentensi tatu, maana mbili, na zote safi. Mng'ang'anie. Jina lake tu hujaniandikia. "Mwenzangu mmoja" si jina. Angekuwa mtu mwingine aliyeniletea kikadi cha namna hii ningemrudishia na maneno makali, ila kwa kuwa ni wewe nimevipitisha, utajaza baadaye.

Baba yako

———

25 Mei

Shikamoo Baba,

Mwenzangu anaomba jina lake lisitajwe kwanza. Ana sababu.

Sentensi zake ni hizi. Tarehe 14, kliniki: daktari ameniuliza kama nitabaki na mtoto. Tarehe 15, chumbani: msimamizi akijua hatanibakiza kazini. Tarehe 20, chumbani, taa imezimwa: sijui kama nibaki naye au nimtoe kwa watu.

Nieleze vizuri usije ukasema nimekuchanganya. Ana mimba ya miezi minne. Mwanaume hayupo na hatakuwepo. Bweni letu haliruhusu watoto. Huku kuna utaratibu, mtoto akizaliwa anaweza kuchukuliwa na watu wasiojaliwa, wakamlea kama wao, na kwa sheria akawa wao. Mwenzangu hataki. Anachotaka ni kurudi kwao, azae kwao, mtoto akue akisikia lugha yake. Lakini mama yake alishafariki, amebaki na baba tu, na huyo baba ni mtu wa heshima zake, mtu anayesalimiwa barabarani. Anamwogopa kuliko anavyoogopa uchungu wa kuzaa.

Amenituma nikuulize wewe, kwa kuwa nawe ni mzazi wa mabinti. Akimwandikia baba yake ukweli wote, baba yake atamwambia nini?

Tafadhali Baba, hili lijibu kwanza, kabla ya maana.

Mwanao

———

16 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Wiki hii nimeshikwa vibaya, wachapishaji wanataka herufi K yote ifike mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo nitasema kwa kifupi.

Mwenzako ameyataka mwenyewe. Mtu hapelekwi ng'ambo kwa machozi na michango ya ukoo ili akarudi na mtoto wa mwanaume asiyejulikana hata jina. Baba yake ana uso wa kutazama watu, na yeye ameukanyaga. Angekuwa binti yangu, angekuta mlango una komeo, na nisingeinuka kitini kulifungua. Mwambie hivyo hivyo, ukweli hauna haja ya sukari. Hao watu wasiojaliwa wanaonekana waungwana, awape mtoto, kila mtu apone.

Wewe jiepushe naye kidogo. Sikukulea hivyo.

Sentensi zake tatu nimezipanga: ya kliniki maana ya 2, ya kazini maana ya 17. Ile ya gizani ni nzuri mno. Nimeiweka iwe mfano wa kwanza kabisa chini ya neno. Uone watoto wa shule nchi nzima watakavyoisoma.

Baba yako

———

9 Julai

Shikamoo Baba,

Nimemfikishia. Amesema amekuelewa.

Mwenzangu mmoja, chumbani, tarehe 3: anapiga mateke, ananinyima usingizi. Huyo huyo, tarehe 6: najikaza nitembee wima, aproni inasaidia.

Mwanao

———

2 Agosti

Mwanangu,

Barua zako zimekuwa fupi kama za serikali. Au umechoka kumsaidia mzee wako? Usinitupe mkono, tumebakiza kidogo. Maana zilizobaki:

kushika wakati (kwa saa ya ukutani)
kuweka mtu mbali
kutunza kaburi
kubaki na kitu ulichookota

Baba yako

———

28 Agosti

Shikamoo Baba,

Saa ya bweni haishiki wakati. Hiyo ni yangu mimi, tarehe 20, ngazini, unaweza kuiandika.

Mwenzangu mmoja, chumbani, tarehe 26: ningekuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, ningebaki naye.

Ndiyo ya mwisho kutoka kwake. Kuanzia katikati ya mwezi ujao nitakuwa likizo ndefu, usihangaike kunitafuta kazini.

Mwanao

———

19 Oktoba, nyumbani

Mwanangu, mwanangu,

Hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichana.

Juzi Mchapaji alikuja na bahasha. Akaniambia, "Mzee, kwenye neno lako kuna vikadi tisa havina msemaji. Kwa sheria yako mwenyewe vinatupwa. Nivitupe?" Nikamwambia asithubutu, mfano wangu wa kwanza umo humo, na mwanangu ataleta jina. Akasema basi tuvitoe kwenye maana zake tuvipange kwa tarehe, ndivyo tunavyofanya tukimsaka msemaji mmoja. Akavipanga mezani kuanzia tarehe 2 Aprili. Nikaanza kuvisoma kwa sauti ili yeye aandike.

Chakula hakikai tumboni. Chai tu ndiyo inakaa. Siri hii nitaificha mpaka lini. Nilipofika kliniki sauti ilikuwa imepungua. Mchapaji akaacha kuandika. Akavua miwani.

"Mzee," akasema, "huyu mwenzake analala wapi?"

"Chumbani."

"Kwa nani?"

Nikageuza kikadi, nyuma hakuna kitu.

"Chumba cha mwanao kina vitanda vingapi?"

Kimoja, mwanangu. Uliniandikia Januari kitanda kimoja na kiti kimoja, nikakutania habari ya kukoroma. Nilikuwa najua tangu mwanzo na nilikuwa sijui kitu.

Nikataka kurudia kusoma barua zako zote, nione wapi ulipolia na mimi nikapita. Hakuna barua. Kuna vipande kwenye madroo, chini ya maana ya 2, ya 9, ya 17, ya 26, na kilichobaki nilikuwa nakitupa kwenye kapu la karatasi. Ile karatasi ya Mei uliyoniomba nijibu kwanza, nimeikuta imebaki ukingo tu, na juu yake "Shikamoo Baba."

Nimepiga simu kazini kwako mara tatu. Wanasema uko likizo, bweni halina simu, zaidi hawajui. Sijui kama umeshajifungua. Kwa hesabu zangu ni sasa, ni wiki hizi.

Sikiliza. Yale niliyoandika Juni niliyaandikia mtu ambaye sikumwona. Lakini hata angekuwa huyo mtu, nilikosa haki ya kumwandikia hivyo. Nilikuwa najisikia raha kuwa mkali juu ya mtoto wa mwenzangu. Nisamehe kama unaweza. Usipoweza, bado njoo.

Njoo naye. Chumba cha kushonea cha mama yako, kile nilichokijaza maboksi ya vikadi, nimeyatoa yote mpaka barazani, na Mchapaji ameleta kitanda cha mtoto cha wajukuu wake. Komeo la mlango wa mbele nimeling'oa kwa bisibisi. Sasa mlango haufungi vizuri na mbwa wa jirani ameingia mara mbili mpaka jikoni, ila sitalirudisha.

Watakaonisalimia barabarani wanisalimie, watakaoacha waache. Usimtoe kwa watu. Nakuomba. Bahasha ni ya ofisi kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa nyumbani.

Baba yako

———

1 Desemba

Shikamoo Baba,

Barua yako ilifika tarehe 9 Novemba.

Nitakuambia yote kama yalivyokwenda. Nilijifungua tarehe 13 Oktoba, alfajiri. Msichana. Ana kidole kidogo cha mguu kilichopinda kama chako. Nilikaa naye hospitali siku sita, na siku ya saba wakaja mwalimu mmoja na mumewe kumchukua. Ni watu wazuri, Baba, ningependa wawe wabaya. Mume alikuwa amenyoa vibaya kwa haraka, ana mkato kidevuni, na alimpokea kwa mikono yote miwili asije akamwangusha.

Kwa sheria ya huku mama anapewa wiki sita za kughairi. Anaandika mstari mmoja tu, na mtoto anarudishwa. Zangu ziliisha tarehe 24 Novemba. Nilizihesabu siku moja moja, nikijiambia labda kitatokea kitu.

Kilitokea. Ilikuja bahasha ya ofisi yenye mhuri wa ofisi. Niliipima mkononi, nikaiona nyembamba, nikajua ni orodha ya maana zilizobaki. Kutunza kaburi. Kubaki na kitu ulichookota. Nilikuwa sina nguvu hizo. Maziwa yalikuwa bado yananitoka. Niliitupa juu ya kabati bila kuifungua, na ikalala pale siku kumi na tano za wiki zangu, juu ya kichwa changu, mimi nikiwa kitandani namwomba Mungu anipe mlango mmoja.

Tarehe 24 nilikwenda nikatia sahihi. Jana nilikuwa nashusha sanduku, bahasha ikaanguka.

Nimekaa nayo sakafuni mpaka jioni. Sikukasirikii wewe peke yako. Ningeweza kuandika "mimi" mahali pa "mwenzangu" mara moja tu, hata moja, na sikuthubutu. Nilitaka unitambue. Nilidhani mtu anayejua maana thelathini na nne za neno moja atanijua mimi.

Nilikwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii asubuhi hii na barua yako mkononi. Aliisikiliza yote, nikamtafsiria mpaka mbwa wa jirani. Akalia. Akasema hakuna analoweza.

Nyumbani nitakuja, Baba, ila si sasa. Kitanda cha mtoto mrudishie Mchapaji, umwambie asante, umwambie alikuwa na akili kuliko sisi wawili. Komeo rudisha, wezi wasije wakakuibia.

Nilimpa jina la Mama. Siku walipomchukua niliwaambia tu, sikuomba kitu, na mwalimu akanijibu. Jibu lake lina lile neno lako, nami nililinakili kwa mazoea, machozi yakinitiririka. Barua hii nimeiandika pande zote mbili za karatasi ili mkasi usiweze kuikata. Kikadi nimekijaza mwenyewe, kamili, kwa sheria yako. Hakipungui kitu.

Mwanao

Neno: keep
Sentensi: Jina ulilompa tutabaki nalo.
Mahali: mlangoni, chini ya ngazi
Tarehe: 19 Oktoba
Msemaji: mama yake